Kitabu cha picha zinazosimama: Kibo kimechungulia nje, nisaidieni (na ninayoyajua nayaweka hapa)

Mkunja Manila (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam.

Niko Moshi, nina kiduka changu cha fotokopi na madaftari. Miezi kama minane sasa, nikishafunga duka, usiku wangu unaishia kwenye manila, wembe na gundi. Najifunza kutengeneza vile vitabu ambavyo ukifungua ukurasa picha inainuka na kusimama, na vingine ukivuta karatasi pembeni mtu anapunga mkono. Mke wangu mwanzoni alidhani nimeanza kuchora ramani tena (nilisomea kuchora ramani za majengo, kazi yenyewe sikuipata). Sasa ameshazoea, analalamika tu kuhusu vipande vinavyonasa kwenye zulia.

Kisa kilianzia Memorial, kwenye mitumba. Katika fungu la vitabu vya watoto nikakuta kimoja cha viumbe wa baharini, nikakichukua kwa elfu mbili. Ukifungua, papa anainuka mzima mzima. Sema huyu wangu hakuwa na taya ya chini, mtoto wa huko kilikotoka alishaing'oa. Nilikinunua nimpelekee mpwa wangu aliye darasa la pili kule Pasua. Hakikufika. Nilikipasua ukurasa kwa ukurasa kama fundi simu, nikalaza vipande mezani na kuvipima kwa rula. Kila nilichojua mwezi wa kwanza nilikitoa kwenye mzoga wa yule papa.

Sasa natengeneza cha kwangu, ile hadithi ya Kibo na Mawenzi, vilele viwili vya Kilimanjaro. Ukurasa wa kwanza ni mlima unasimama. Umesimama vizuri sana, ila nikifunga kitabu Kibo kinachungulia nje juu, sentimeta moja na nusu. Mlima mrefu kuliko yote Afrika umekataa kuingia kitabuni.

Picha zimegoma kupanda, nitaeleza kwa maneno. Kabla ya kunisaidia niseme nilichokwishajifunza, maana najua wapo watakaotaka kujaribu.

Kiazi Kitamu

Uzi bila picha ni sawa na chai ya rangi bila sukari. Ila nimeweka kigoda, endelea mkuu.

Mkunja Manila

Basi usitazame, kunja. Chukua karatasi yoyote ya A4, ikunje katikati upate kurasa mbili, kila mmoja upana sentimeta 14.8 na urefu 21. Ikiwa bado imekunjwa, tokea kwenye ule mkunjo kata mistari miwili inayokwenda sambamba kuingia ndani, kila mmoja sentimeta 4, ikiachana sentimeta 3. Ule ulimi uliopatikana ukunje kulia, uukunje kushoto, urudishe. Fungua karatasi kama kona ya chumba, halafu usukume ulimi kwa ndani kwa kidole. Umepata ngazi. Bandika juu yake mgomba uliochorwa na kukatwa, ukifungua mgomba unasimama. Ngazi tatu za urefu tofauti zinakupa kihamba (shamba la migomba la nyumbani) kizima.

Hiyo ndiyo rahisi kuliko zote na nilikaa nayo mwezi mzima. Siri yake ni kwamba karatasi inatengeneza msambamba, pande zinazotazamana ziko sawa. Ukitaka kubandika nyumba badala ya kukata, kimo chake ukutani na kina chake sakafuni vitalala mfululizo kitabu kikifungwa. Nyumba ya kimo 6 na kina 5 inahitaji sentimeta 11 kutoka kwenye mkunjo wa katikati. Ukurasa una 14.8, imeingia. Weka kimo 9 na kina 7, paa linatoka nje.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kazi yenyewe. Kila mtu anashangaa kitabu kinapofunguka. Mtengenezaji anahangaika na kufunga. Kusimamisha kitu ni dakika tano. Kukilaza bila kujikunja wala kujirarua wala kutokeza nje, hapo ndipo wiki zinakoishia.

babaJ

Hii inalipa? Nauliza kwa nia njema.

Mkunja Manila

Mkuu babaJ, mpaka sasa imenila.

Mwezi wa nne mwenye duka moja la zawadi za watalii aliniagiza kadi 30 za twiga anayesimama. Nikakesha. Nilipompelekea zote zilikuwa zimelegea shingo, twiga wamesinzia kama walinzi wa alfajiri. Akanilipa nusu, akanirudishia kadi nyingine. Nilimchukia wiki mbili. Halafu nikagundua kosa lilikuwa langu, kasoro masika tu.

Seremala wa Majengo

Ulikata kinyume cha nyuzi.

Mkunja Manila

Ndiyo! Umejuaje fundi?

Seremala wa Majengo

Karatasi si mti? Ubao una nyuzi, ukiranda kinyume unachanika. Ukitengeneza mguu wa stuli nyuzi zikakaa kwa upana, atakayekalia anaanguka. Shingo ya twiga ni mguu wa stuli.

Mkunja Manila

Fundi, ningekupata mwezi wa nne ningeokoa manila kumi.

Kwa wengine: manila imetengenezwa kwa vinyuzinyuzi vya mbao ambavyo kiwandani vinalala zaidi upande mmoja. Ichukue mkononi uipinde bila kuivunja, kwanza kwa urefu halafu kwa upana. Upande mmoja inajikunja kirahisi, mwingine inakataa. Ule wa kirahisi, mkunjo wake unafuata nyuzi. Ukibaki na shaka kata kipande kidogo cha mraba, lowesha uso mmoja: kinajiviringisha kama mkeka, na mwelekeo wa lile bomba ndio mwelekeo wa nyuzi.

Mkunjo mkubwa wa katikati ufuate nyuzi, la sivyo rangi inapasuka na karatasi inakataa kulala. Kitu chembamba kirefu kinachosimama, nyuzi zipande juu nacho. Twiga wangu niliwapanga kwenye manila ili nisipoteze hata kipande, shingo zikalala kwa upana. Ubahili huo. Na unyevu wa masika ukamalizia.

(Kiswahili nacho: huu ni uzi, karatasi ina nyuzi, na pembe tunapima kwa nyuzi. Msichanganyikiwe.)

Kiazi Kitamu

Kwani hivi vitu si vya Wachina? Mashine inatema tu, wewe unahangaika na wembe.

Mkunja Manila

Mkuu, kukata mashine inakata. Kuunganisha bado ni mikono. Miaka ya 1970 vitabu vingi vya Marekani vilipelekwa Kolombia vikakunjwe na kugundishwa na watu waliokaa mezani, na siku hizi vingi vinaunganishwa China na Thailandi, mikono vilevile. Ulimi mmoja ukibandikwa milimita mbili pembeni, ukurasa umekufa.

Tena havikuanza kwa watoto. Mwaka 1540 Mjerumani Petrus Apianus alitoa kitabu cha nyota chenye magurudumu ya karatasi yanayozunguka moja juu ya jingine, unayageuza kutafuta sayari ilipo. Kabla yake, karne ya 13, mtawa Mwingereza Matthew Paris alikuwa na diski inayozunguka kwenye kitabu chake, ya kupigia hesabu za sikukuu. Watoto walikuja kufikiriwa baadaye sana.

Ninaowasoma zaidi ni wawili. Lothar Meggendorfer wa Munich, aliyezaliwa 1847, alikuwa mchoraji wa katuni. Ulimi mmoja unaovutwa ulitikisa mkono, macho na mguu kwa pamoja. Nyuma ya picha alificha nyenzo za karatasi (vipande vya kusukuma na kuvuta) zilizoshikwa na waya mwembamba wa shaba uliosokotwa kama konokono. Nimeuiga huo waya! Kwa fundi anayesuka upya mota za pampu nilipewa bure, mabaki ya koili. Unachoma tundu kwa sindano, unapitisha, unazungusha konokono mbele na nyuma, inashika lakini inazunguka.

Wa pili ni Vojtěch Kubašta wa Prague, 1914 hadi 1992. Huyo alisomea usanifu wa majengo, ndiyo maana nampenda, na mara nyingi jumba zima alilipata kwenye karatasi moja iliyokatwa na kukunjwa tu. Nikikumbuka twiga wangu nilivyowapanga, huyo ndiye alijua kubana matumizi.

Shangazi Kaja

Mwanangu Mkunja, mimi sina hesabu ila nina wajukuu wanne na mvua ya Machame. Niambie vifaa.

Mkunja Manila

Shikamoo shangazi. Manila nzito kwa kurasa, gramu 250 ukipata. Ya gramu 160 kwa vinavyosimama. Karatasi ya fotokopi inafaa kwa kujaribia tu. Rula ya chuma, ya plastiki wembe utaila. Wembe uwe mkali, ukianza kuvuta nyuzi tupa. Peni iliyokwisha wino: kabla ya kukunja pitisha peni hiyo na rula juu ya mstari, ikandamize, mkunjo utakaa hapo hapo ulipouambia. Gundi nyeupe ya maseremala, na uipake kwa kijiti cha meno, kidogo kuliko moyo unavyotaka. Ikizidi inalowesha, na karatasi iliyolowa inapinda. Mimi ukurasa ukishagundishwa naulaza chini ya ndoo ya mchele mpaka asubuhi.

Wajukuu wapewe mkasi na gundi. Wembe ubaki kwako.

Mwl. Pembetatu

Nafundisha hisabati Arusha, nimesoma kimya kimya. Mkunja, turudi kwenye Kibo. Mlima umebandikwaje? Kimo? Pembe? Ncha iko wapi?

Mkunja Manila

Mwalimu karibu sana, wewe ndiye niliyekuwa namngoja.

Mlima ni kipande kimoja chenye mkunjo mmoja katikati, na mkunjo huo unapita katikati ya Kibo. Chini kimenyooka, kina ndimi mbili za gundi, moja kila ukurasa. Ndimi zimebandikwa mshazari kama herufi V, ncha ya V ikiwa juu ya mkunjo wa kitabu, sentimeta 7 kutoka ukingo wa juu, mikono ikifunguka kumwelekea msomaji. Kila mkono una nyuzi 45 na mkunjo wa kitabu. Kimo cha Kibo sentimeta 12. Mawenzi yuko mkono wa kulia, kama tunavyoiona kutoka huku mjini.

Nimeuweka hivyo makusudi ili mlima umkumbatie anayesoma, kama ukisimama Moshi. Na nimekichora Kibo bapa juu, mviringo, kama sufuria iliyofunikwa. Siwezi kuvumilia ile pembetatu yenye ncha inayowekwa kila fulana.

Mwl. Pembetatu

Vizuri. Kwa kuwa chini pamenyooka, yaani mkunjo wa mlima unakutana na msingi kwa nyuzi 90, ukifungua kitabu bapa mlima utasimama wima hata ubadilishe V. Ndiyo maana ulidhani umemaliza.

Ukifunga, mkunjo ule unalala kwa kurudi nyuma. Zidisha kimo kwa saini (ile sin ya kikokotoo) ya pembe ya mkono mmoja wa V, unapata inavyopanda kuelekea ukingo wa juu. Zidisha kwa kosaini (cos), unapata inavyokwenda pembeni. Saini ya 45 ni 0.707. Mara 12 ni 8.5. Wewe umeacha 7.

Mkunja Manila

8.5 toa 7. Moja na nusu.

Mwalimu, nimepima ile sehemu iliyotokeza kwa rula mara nne nikidhani ni gundi imeteleza.

Mwl. Pembetatu

Rula ilikuwa inakuambia ukweli. Una njia tatu. Punguza kimo kisizidi 9.9. Au punguza pembe iwe 30: saini yake ni nusu, inapanda 6 tu, na pembeni inakwenda 10.4, bado uko ndani ya 14.8. Au shusha ncha.

Seremala wa Majengo

Au kata kichwa cha Kibo.

Mkunja Manila

Fundi, mita 5,895 hizo, utanitenga na ukoo.

Nimejaribu nyuzi 30 jana usiku kwa karatasi ya fotokopi. Kweli inafunga. Lakini ukifungua, kuta mbili zinakaribiana mno, Kibo na Mawenzi wanatazamana kama abiria waliobanwa siti moja ya daladala. Nimeshusha ncha hadi sentimeta 9 kutoka juu, pembe nimeiacha 45. Kimeingia, na nafasi ya nusu sentimeta imebaki. Chini nimepoteza nafasi ya maneno, basi, maneno nitayapunguza.

Kitu kingine nilichokigundua kwa bahati: usijitese kupima ulimi wa pili. Bandika mmoja, laza mlima, paka gundi ulimi wa pili ukiwa umelala, halafu funga kitabu juu yake na uminye. Ukurasa unakwenda wenyewe kuchukua ulimi mahali pake. Nilipokuwa nabandika kitabu kikiwa wazi, nusu ya kazi zangu zilikataa kulala.

Shangazi Kaja

Hadithi yenyewe hujatuambia. Mbele yake kuna nini?

Mkunja Manila

Shangazi, kwa alivyonisimulia bibi: Mawenzi alikuwa mvivu wa kutunza moto. Ukizimika anakwenda kwa Kibo kuomba kaa. Siku hiyo akamkuta Kibo anatwanga ndizi kavu, akapewa na chakula. Alipoondoka akauzima moto makusudi, akarudi, akapewa tena. Mara ya tatu Kibo akamgeuzia mchi. Ndiyo maana kichwa cha Mawenzi kimechongoka hivyo mpaka leo.

Kwa hiyo ukurasa wa pili hausimami, unavutwa. Ukivuta ulimi pembeni, mkono wa Kibo wenye mchi unashuka. Mkono umeshikwa begani na konokono wa shaba, na ulimi umeshikwa kwenye mkono huo huo, kando kidogo ya bega. Hapo kuna utamu. Nilipoushika sentimeta 2 kutoka begani, kuvuta sentimeta moja kulizungusha mkono nyuzi 29 hivi. Kibo alionekana anapapasa. Nikausogeza uwe sentimeta 1, kuvuta kule kule kukatoa nyuzi 60. Hapo ni kipigo. Ila unavuta kwa nguvu zaidi, na tundu linataka kuchanika, nikalitia kiraka cha manila nyuma.

Mpwa wangu nilimpa cha majaribio. Akauliza "Mjomba, navuta?" na kabla sijajibu ulimi mzima ukawa mkononi mwake, na mkono wa Kibo juu. Kumbe ulimi lazima uwe na mabega, sehemu pana kwa ndani isiyoweza kupita kwenye mpasuo. Sasa ukifika mwisho unagoma. Nimeuvuta kwa hasira zote nilizobaki nazo za wale twiga, umekaa.

babaJ

Mkuu nimeuliza inalipa nikiwa natania. Kikikamilika nataka kimoja, kijana wangu yuko mji mmoja na wewe tu, Rau.

Mkunja Manila

Utapata babaJ. Ila kuna kesi mpya. Mpwa amekirudia juzi, kavuta mara kama hamsini, halafu kaniuliza kwa nini Mawenzi anapigwa kasimama tu, hakimbii wala hajikingi. Sikuwa na jibu. Anataka Mawenzi ajikinge mchi ukishuka. Ulimi ni mmoja, nafasi ya wa pili sina. Nawafanyaje wawili waende kinyume?

Seremala wa Majengo

Ulimi huo huo. Kibo mshike juu ya bega, Mawenzi mshike chini ya bega. Ukivuta, huyu anazunguka kulia, yule kushoto. Kama komeo la mlango wa milango miwili, fimbo moja inapanda nyingine inashuka.

Mwl. Pembetatu

Sahihi. Na umbali wa Mawenzi uwe mkubwa kidogo kuliko wa Kibo, ajikinge taratibu, achelewe.

Mkunja Manila

Nimejaribu usiku huu. Kibo anashusha, Mawenzi anainua mkono nusu njia kisha anakwama. Nimefungua nyuma: gundi imeingia kwenye tundu la konokono. Naung'oa, kesho nakata Mawenzi mwingine.